Mimea ya chai ya kudumu katika bustani za nyumbani za Mbagala

Mimea ya chai ya kudumu ni mimea yenye majani au matunguu ya kunukia ambayo huishi kwa miaka kadhaa, na ambayo hutumiwa kutengeneza kinywaji cha moto, ama peke yake ama pamoja na majani ya chai. Huko Mbagala, kusini mwa jiji la Dar es Salaam nchini Tanzania, mimea hiyo hupandwa uani, kando ya ukuta, au katika ndoo na viroba vilivyokwisha kazi yake. Inayofaa zaidi kwa eneo hilo ni mchaichai, mnanaa, kivumbasi, rosemari na tangawizi.

Ingawa huitwa mimea ya kudumu, haidumu bila kazi ya mkono. Katika udongo wa kichanga na joto la pwani, kichaka cha mchaichai kisichokatwa hujaa majani makavu, mnanaa usiogawanywa hujibana wenyewe kwa mizizi, na kivumbasi kinachoachwa kichanue na kuzaa mbegu huwa mti mkavu wenye majani machache. Kwa hiyo utunzaji wa bustani hizi una mambo makuu mawili: kukata mara kwa mara na kugawa mashina kabla hayajazeeka. Mwenye kuyafanya hayo anaweza kuvuna kwa miaka mingi kutokana na shina moja alilopewa na jirani.

## Chai na mimea ya chai

Chai halisi hutokana na mchai, *Camellia sinensis*. Mmea huo hupenda baridi kiasi, mvua nyingi na udongo wenye tindikali, ndiyo maana nchini Tanzania mashamba yake yako nyanda za juu kama Mufindi, Njombe, Rungwe na milima ya Usambara. Hauwezi kustawi vizuri katika joto na mchanga wa Dar es Salaam.

Hata hivyo neno "chai" katika matumizi ya kila siku lina maana pana zaidi. Watu husema "chai ya mchaichai" au "chai ya tangawizi" hata kama hakuna jani la mchai ndani ya sufuria. Kinywaji cha namna hiyo hakina kafeini, kwa hiyo hakiondoi usingizi kama chai ya kawaida. Mara nyingi, lakini, viungo huchemshwa pamoja na majani ya chai ili kupata chai ya rangi yenye harufu nzuri, ambayo hunywewa asubuhi kwa maandazi, vitumbua au chapati, na jioni wakati wa kufuturu katika mwezi wa Ramadhani.

Si kila mmea wa kunukia au wa kinywaji ni wa kudumu. Choya (*Hibiscus sabdariffa*), inayotoa kinywaji chekundu, hupandwa kwa mbegu, huzaa na kufa katika msimu mmoja. Mrehani (*Ocimum basilicum*), ambao majani yake huingia pia katika vikuba vya akina mama wa pwani, kwa kawaida hauishi muda mrefu. Iliki, mdalasini na karafuu hutoka kwenye mimea mikubwa au inayohitaji hali nyingine, hivyo si rahisi kuilima kwenye ua mdogo.

## Mazingira ya Mbagala

Mbagala iko Wilaya ya Temeke kando ya Barabara ya Kilwa. Watu wanapotaja Mbagala huwa wanamaanisha kata ya jina hilo pamoja na kata za jirani kama Mbagala Kuu, Charambe, Kijichi na Chamazi. Sehemu kubwa ya makazi yalijengwa bila mpango wa viwanja, kwa hiyo nyumba zimekaribiana na ua ni mdogo. Wakazi wengi ni wapangaji wanaotumia ua mmoja familia kadhaa.

Hali ya hewa ni ya joto na unyevu. Jiji hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, lakini haigawanyiki sawasawa. Masika huanza Machi hadi Mei, na vuli huja kati ya Oktoba na Desemba. Januari na Februari ni miezi ya jua kali. Juni hadi Septemba ni kipindi cha ubaridi kiasi chenye mvua kidogo na upepo unaokausha udongo.

Udongo kwa kawaida ni wa kichanga. Una faida moja: haututamishi maji, hivyo mizizi haiozi kwa urahisi. Hasara zake ni mbili. Maji hupita haraka kabla mmea haujayanywa, na mbolea huzama pamoja na maji hayo. Mboji iliyowekwa mara moja wakati wa kupanda haitoshi kwa mwaka mzima.

Maji ya kumwagilia hutoka bombani, kwenye visima vya kuchimba au kwa wauzaji wa madumu. Baadhi ya visima vya jiji vina maji ya chumvi. Dalili ya chumvi kwenye mimea ni ncha za majani kukauka na kuwa za kahawia, na ukoko mweupe juu ya udongo wa chombo. Mnanaa huathirika mapema. Mchaichai huvumilia zaidi.

## Mimea inayopandwa

### Mchaichai

Mchaichai (*Cymbopogon citratus*) ni nyasi ya familia moja na muwa na mahindi. Asili yake ni Asia ya Kusini na Kusini-Mashariki. Hukua kwa vichaka vyenye majani marefu, na huweza kufikia urefu wa mita moja au zaidi. Harufu yake ya limau hutokana na mafuta ya kunukia ambayo sehemu yake kubwa ni kemikali iitwayo sitrali. Kisiwani Pemba mchaichai hukamuliwa mafuta katika kiwanda cha Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar (ZSTC), sambamba na mafuta ya karafuu.

Mchaichai unaolimwa huchanua kwa nadra sana, kwa hiyo haupandwi kwa mbegu. Hupandwa kwa kung'oa shina moja lenye mizizi kutoka pembeni mwa kichaka. Huu ndio mmea rahisi kuliko yote kwa anayeanza: hupenda jua, huvumilia mchanga na hustahimili kusahaulika kwa siku kadhaa. Kingo za majani yake ni kali na hukata ngozi, hivyo usipandwe pembezoni mwa njia wanayopita watoto.

Kuna ndugu zake wa jenasi ileile, *Cymbopogon nardus* na *Cymbopogon winterianus*, ambao ndio hutoa mafuta yanayotumika katika dawa za kujipaka kufukuza mbu. Hao wana harufu kali isiyo ya limau tu na hawapendwi katika chai. Kabla ya kuchukua mche ni vizuri kusugua jani na kulinusa.

### Mnanaa

Mnanaa au nanaa (*Mentha*) umepata jina lake kutoka Kiarabu. Huenea kwa vikonyo vinavyotambaa juu na chini ya udongo, na kila fundo la kikonyo linaweza kutoa mizizi. Kwa sababu hiyo huweza kuvamia nafasi ya mimea mingine. Ni afadhali kuupanda peke yake katika chombo kipana. Hupenda kivuli cha mchana na udongo wenye unyevu wakati wote. Katika jua la Januari, mnanaa uliopandwa penye mchanga mtupu huweza kufa kwa siku chache tu za ukame.

### Kivumbasi

Kivumbasi ni jina linalotumika kwa aina kadhaa za jenasi *Ocimum*. Ile inayodumu zaidi ni *Ocimum gratissimum*, kichaka kinachoweza kuzidi kimo cha mtu, chenye shina gumu kama mti na majani yenye harufu inayokaribia ya karafuu. Hukua chenyewe mahali pengi Afrika ya Mashariki. Hupandwa kwa mbegu au kwa vipandikizi vya matawi. Majani yake yana nguvu, hivyo mawili au matatu hutosha sufuria moja.

### Rosemari

Rosemari (*Salvia rosmarinus*) inatoka nchi zinazozunguka Bahari ya Mediteranea, ambako kiangazi ni kikavu. Huko Mbagala adui yake si jua bali maji mengi. Inahitaji mchanga mwingi, chombo chenye matundu na mahali penye upepo. Wakati wa masika ni vizuri kukisogeza chombo chini ya ukingo wa paa ili mizizi isioze.

### Tangawizi

Tangawizi (*Zingiber officinale*) hutofautiana na mimea mingine kwa kuwa kinachotumika ni tunguu lililo ardhini. Kwa asili huishi miaka mingi: majani hunyauka, tunguu hulala, kisha huchipua tena mvua zinaporudi. Kilimo chake kikubwa nchini kiko mahali kama Wilaya ya Same mkoani Kilimanjaro, lakini kiroba kimoja kilichowekwa kivulini huweza kuipa familia tangawizi mbichi. Anayetaka idumu huchimba pembeni, huchukua sehemu ya tunguu na kuacha nyingine yenye macho.

## Kuanzisha bustani

Mahali. Mchaichai, kivumbasi na rosemari huhitaji jua la saa sita au zaidi kwa siku. Mnanaa na tangawizi hufaa upande wa ukuta unaopata jua la asubuhi tu, au chini ya mpapai au mwembe mdogo. Sehemu iliyo karibu na jiko ina faida, kwa kuwa mmea unaoonekana kila siku hukatwa na kumwagiliwa kwa wakati.

Udongo. Kwa mchaichai huchimbwa shimo la sentimita 30 kwa upana na kina. Mchanga uliotolewa huchanganywa na mboji au samadi iliyooza, kiasi cha theluthi moja. Mbolea ya kuku hupatikana kwa urahisi kwa kuwa wakazi wengi wa pembezoni mwa jiji hufuga kuku wa nyama na wa mayai, lakini ikiwa mbichi huunguza mizizi. Hurundikwa mahali penye kivuli, hunyunyiziwa maji na kugeuzwa kila baada ya wiki moja au mbili, hadi harufu kali iishe na rundo lisiwe na joto tena.

Vyombo. Ndoo iliyopasuka, beseni, kiroba cha saruji au salfeti ya mchele vyote vinafaa, mradi vitobolewe chini. Chombo cha mchaichai kiwe na kina cha sentimita 30 au zaidi. Cha mnanaa kinaweza kuwa kifupi lakini kipana. Vyombo vilivyowahi kuwekwa viuatilifu, rangi au mafuta ya gari visitumike kabisa. Kwa mpangaji, chombo ni bora kuliko ardhi kwa sababu anapohama huondoka nacho.

Mbegu na miche. Mara nyingi miche hutoka kwa majirani. Namna za kuzalisha ni hizi:

- *Mchaichai:* shina la pembeni lenye mizizi hung'olewa, majani hukatwa yabaki kama sentimita 15, kisha hupandwa kwa kina cha vidole vinne. Umbali kati ya shina na shina ni sentimita 60 hadi 90. Shina lililonunuliwa sokoni pia huweza kuchipua likisimamishwa katika kikombe cha maji, ikiwa kitako chake hakikukatwa.
- *Mnanaa:* kijiti chenye mafundo matatu au manne huondolewa majani ya chini na kuwekwa katika maji. Mizizi huonekana baada ya wiki moja au mbili.
- *Kivumbasi na rosemari:* ncha ya tawi lisilochanua, yenye urefu wa sentimita 10 hivi, huchomekwa kwenye mchanga wenye unyevu mahali penye kivuli. Rosemari huchelewa, huweza kuchukua wiki sita au zaidi.
- *Tangawizi:* kipande cha tunguu chenye jicho moja au mawili hufukiwa sentimita tano chini mwanzoni mwa masika.

## Utunzaji kwa majira

Januari na Februari. Kazi kubwa ni maji. Kumwagilia hufanywa asubuhi mapema au jioni, kwa kulowesha hadi chini badala ya kunyunyiza juu kila mara. Matandazo ya majani makavu, maganda ya nazi yaliyokatwakatwa au nyasi huwekwa kuzunguka shina ili kupunguza ukaukaji wa udongo. Mnanaa husogezwa kivulini.

Machi hadi Mei. Mvua zinapoanza ndio wakati wa kupanda na kugawa. Kichaka cha mchaichai chenye miaka miwili au mitatu hung'olewa chote, katikati palipozeeka hutupwa, na mashina ya pembeni hupandwa upya. Kichaka kimoja hutoa miche ya kutosha kugawia majirani. Mnanaa nao humwagwa kutoka chomboni, hukatwa vipande vinne, kipande kimoja hurudishwa katika udongo mpya na vingine huwekwa kwenye vyombo vingine.

Juni hadi Septemba. Mimea hukua polepole zaidi. Ni kipindi kizuri cha kuvuna kwa ajili ya kukausha, kwa kuwa hewa haina unyevu mwingi kama wakati wa masika. Kivumbasi hupogolewa hadi nusu ya kimo chake, nayo mashada ya maua huondolewa kabla hayajatoa mbegu.

Oktoba hadi Desemba. Mwanzoni mwa vuli huongezwa mboji, kiasi cha konzi mbili au tatu kwa kila shina, kwani mbolea ya Machi huwa imekwisha. Tangawizi iliyopandwa masika huanza kunyauka majani kuelekea mwisho wa mwaka, dalili kwamba tunguu limekomaa. Hupunguziwa maji na kuchimbwa.

Mbolea ya chumvichumvi ya dukani si lazima kwa bustani ndogo. Ikitumika kupita kiasi katika chombo huunguza mizizi, na majani hukua haraka bila kuwa na harufu ya kutosha.

## Wadudu, magonjwa na wanyama

Harufu kali huifanya mimea hii isishambuliwe sana, lakini haiko salama kabisa. Vidukari na inzi weupe hukaa chini ya majani ya mnanaa na kivumbasi; huondolewa kwa kupigwa na maji au kupanguswa kwa maji yenye sabuni kidogo ya mche, kisha majani huoshwa. Utitiri huonekana wakati wa ukavu kama vidoa vyeupe. Kutu, ugonjwa wa ukungu unaotoa vidonda vya rangi ya chungwa au kahawia, hutokea kwenye mchaichai na mnanaa ikisongamana. Dawa yake ni kukata majani yaliyougua, kuyachoma, na kuacha hewa ipite.

Katika mchanga wa pwani kuna pia minyoo fundo, ambao huingia mizizini na kufanya vinundu. Mmea hudumaa hata ukipewa maji na mbolea. Hakuna faida ya kupanda mmea uleule mahali hapo. Huhamishiwa kwenye chombo chenye udongo mwingine, kwa kutumia kipandikizi cha juu badala ya shina lenye mizizi.

Kwa kuwa majani haya huingia moja kwa moja kwenye sufuria, viuatilifu vya shambani havifai kupuliziwa katika bustani ya chai. Kwa upande wa wanyama, kuku huchakura matandazo na kufukua miche. Uzio mfupi wa matete au wavu hutosha kuwazuia.

## Kuvuna, kukausha na kutengeneza chai

Mchaichai huanza kuvunwa miezi minne hadi sita baada ya kupandwa. Kwa matumizi ya nyumbani hukatwa majani ya nje kwa kisu, sentimita 10 hivi juu ya ardhi, na kuacha mashina ya katikati. Mnanaa na kivumbasi hukatwa juu kidogo ya fundo lenye majani mawili, na hapo matawi mawili mapya hutokea. Kanuni ya jumla ni kutochukua zaidi ya theluthi moja ya mmea kwa mara moja.

Kukausha hufanywa kivulini penye hewa, kwa kutandaza juu ya ungo au kufunga vishada na kuvining'iniza. Jua kali huondoa rangi na harufu. Majani yaliyokauka vizuri huvunjika yakikunjwa; yakiwa bado laini hufanya ukungu ndani ya kopo, na majani yenye ukungu hutupwa yote.

Namna ya kutengeneza hutegemea mmea. Mchaichai na tangawizi ni migumu, kwa hiyo huchemshwa dakika tano hadi kumi. Mnanaa hupoteza harufu ukichemshwa muda mrefu. Huwekwa mwishoni, moto ukiwa umezimwa, na sufuria hufunikwa.

## Usalama wa maji na udongo

Jambo linaloweza kuharibu faida yote ya bustani hizi ni uchafu. Nyumba nyingi za Mbagala hutumia vyoo vya shimo. Wakati wa mvua baadhi ya watu hufungulia vyoo vilivyojaa ili kinyesi kiondoke na maji, tendo linaloitwa kutapisha choo. Maji hayo hupita katika nyua na mifereji hadi kwenye mito kama Kizinga na Mzinga. Dar es Salaam imewahi kupata milipuko ya kipindupindu, ukiwemo ule ulioanza Agosti 2015.

Kwa hiyo bustani haifai kuwa chini ya mteremko wa choo, wala kumwagiliwa maji ya mfereji. Majani yaliyofunikwa na maji ya mafuriko hukatwa na kutupwa. Yanayochipua baadaye ndiyo huvunwa. Mnanaa unahitaji uangalifu zaidi kuliko mchaichai kwa sababu huwekwa mwishoni bila kuchemshwa: huoshwa kwa maji safi yanayotiririka, na maji ya chai yawe yamechemka kabisa.

Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi madini yenye sumu. Udongo wa mahali palipokuwa na gereji, palipochomewa taka au palipotupwa betri unaweza kuwa na risasi. Penye shaka hiyo hutumiwa vyombo vyenye udongo ulioletwa kutoka mahali safi. Maji ya kufulia nguo yana chumvi za sabuni ya unga. Yakitumika kila siku huharibu udongo, na hayafai kumwagwa juu ya majani.

## Mimea hii na mbu

Imeenea imani kwamba kupanda mchaichai au kivumbasi karibu na mlango hufukuza mbu. Utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulionyesha kwamba mimea hai ya jamii ya kivumbasi ikiwekwa nyumbani hupunguza kiasi idadi ya mbu wa malaria wanaoingia, na kwamba kuipasha moto au kuichoma hupunguza pia. Lakini mbu wengine bado huingia na kuuma. Mmea hauchukui nafasi ya chandarua chenye dawa.

Bustani isiyotunzwa inaweza hata kuongeza mbu. *Aedes aegypti*, mbu anayeeneza homa ya dengi, hutaga katika maji yaliyotuama ndani ya vyombo: visahani vya chini ya ndoo, makopo ya kumwagilia, matairi yaliyogeuzwa kuwa bustani. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019. Mbu huyo huuma mchana, wakati watu hawako ndani ya chandarua. Kumwaga na kusugua visahani angalau mara moja kwa wiki hukatiza ukuaji wa viluwiluwi. Kuviondoa kabisa ni bora zaidi.

## Matumizi ya kiafya na mipaka yake

Chai za mimea hii hutumiwa tangu zamani kutuliza tumbo, mafua na kikohozi. Tangawizi imechunguzwa sana na huweza kupunguza kichefuchefu. Mnanaa husaidia tumbo lenye gesi, ingawa kwa mtu mwenye kiungulia unaweza kukizidisha. Mwaka 2020, wakati wa janga la UVIKO-19, kujifukiza kwa mvuke wa mchaichai, mkaratusi, majani ya mpera na viungo vingine kulienea nchini kwa jina la nyungu. Hakukuwa na uthibitisho kwamba mvuke huo unaua virusi, nayo maji yanayochemka huweza kuunguza, hasa watoto.

Hatari kubwa ni kuchelewa. Homa ya mtoto katika eneo lenye malaria inahitaji kipimo na, ikithibitika, dawa mseto. Malaria kali huweza kuua kwa muda mfupi. Chai ya mchaichai humpa mgonjwa maji na faraja, lakini haitibu malaria, dengi, shinikizo la damu wala kisukari. Mtu anayetumia dawa za hospitali kila siku, na mama mjamzito, wanashauriwa kumweleza mhudumu wa afya kabla ya kunywa chai kali za mimea mara kwa mara. Nchini Tanzania tiba asili inasimamiwa chini ya Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, kupitia Baraza lake. Kuwa na bustani nyumbani hakumpi mtu idhini ya kuuza dawa.

## Umuhimu kwa kaya na shule

Faida ya kwanza ya bustani ya chai ni ndogo lakini ya kila siku: familia haitoi fedha kununua fungu la mchaichai au tangawizi. Ziada huweza kuuzwa kwa mama lishe wa mtaani au katika masoko kama ya Mbagala Rangi Tatu na Temeke Stereo. Ua mdogo hauwezi kuwa chanzo kikuu cha kipato. Unachofanya ni kupunguza matumizi.

Faida nyingine ni ya elimu. Ndoo tatu au nne zinatosha kumwonyesha mwanafunzi wa biolojia uzazi usio wa mbegu kwa njia tofauti: shina la pembeni katika mchaichai, kikonyo katika mnanaa, tunguu katika tangawizi na kipandikizi katika rosemari. Shule zenye eneo dogo zinaweza kufanya hivyo bila shamba, na kila mwanafunzi akaondoka na mche wake.

Mwisho, bustani hizi huenea kwa kugawana. Kwa kuwa mchaichai hautoi mbegu, kila kichaka kimetokana na kichaka kingine kilichogawanywa na mtu. Aliyempa jirani shina moja, kisha mchaichai wake ukafa kwa ukame au kwa ujenzi wa chumba kipya, anajua mahali pa kwenda kuomba.